Idd ya Ijumaa ya Kwaresma

Katekista Telesfori wa Bukiriro alikuwa mtu wa kuomba mvua, kuwaombea wagonjwa, na kuwaombea wanafunzi wa kipaimara wasisahau amri za Mungu mbele ya askofu. Lakini Alhamisi ile, kwa mara ya kwanza katika miaka yake sitini na miwili, alipiga magoti kuomba mawingu. Alitaka mwezi usionekane.

Kisa chenyewe kilianza na simu. Binti yake Benedicta alikuwa ameolewa na Mwislamu, fundi pikipiki wa Biharamulo aitwaye Shabani, na siku Benedicta alipobadili dini, Telesfori alitangaza kwamba hana binti. Alitangaza mbele za watu, tena kwa sauti ileile ya kusomea masomo kanisani. Miaka sita ikapita. Wajukuu wawili wakazaliwa, asiwaone. Ndipo Benedicta akapiga simu.

"Shikamoo baba. Shabani anapumzika sikukuu tu. Idd tunataka tuje na chakula, tule na ninyi."

Telesfori alikuwa na mengi ya kusema, akajikuta amesema neno moja: "Njooni."

Furaha ikamlevya, hata tarehe hakuangalia. Mwaka huo Kwaresma na mfungo wa Ramadhani vilianza wiki ileile, ikawa ukipita njiani mchana huoni mtu anayetafuna. Kalenda ya parokia ilionyesha Idd Jumamosi, na Telesfori aliiamini kalenda ya parokia. Mkewe Adelfina ndiye aliyeuliza, huku akichambua maharage, kwamba je, mwezi ukiandama mapema? Basi Idd itakuwa Ijumaa. Ijumaa ya Kwaresma, siku ambayo Mkatoliki hagusi nyama, na anayewakumbusha wenzake jambo hilo kila Jumapili ni yeye katekista.

"Si usile tu," alisema Adelfina. "Wao wale pilau lao, wewe unywe chai."

"Benedicta abebe chakula cha sikukuu yake toka Biharamulo, nimwambie sili? Nimemkataa miaka sita, nimkatae tena na sahani mkononi?"

"Basi muombe paroko ruhusa."

"Mimi?" Telesfori alimtazama mkewe kama aliyemtukana. Katekista akaombe ruhusa ya kula nyama! Habari hizo zingefika Kabanga na kuvuka mpaka wa Burundi kabla yeye hajatoka ofisini kwa padri.

Kwa hiyo Alhamisi jioni akapanda kilima, pale ambapo Waislamu wachache wa Bukiriro husimama kuutafuta mwezi. Mzee Swedi mwenye duka alipomwona, alicheka mpaka akakohoa.

"Katekista! Umesilimu lini?"

"Nimekuja kupunga upepo."

"Wa kwako kule bondeni umeisha?"

Jua likazama. Swedi na wenzake wawili wakafuturu kwa tende na uji, wakaswali, kisha wakarudi kukodoa macho upande wa Burundi. Jamaa zao wa Tanga, Dodoma na Kigoma walikuwa wamepiga simu: kote mawingu. Mwezi usipoonekana popote, mfungo ungekamilisha siku thelathini na Idd ingekuwa Jumamosi. Telesfori akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Hapo ndipo mawingu yalipoachana kidogo juu ya vilima vya Burundi, na Telesfori akauona.

Ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ukipepesa macho unaupoteza. Ulikuwa umelala chali, ncha zake zote mbili juu, katika weupe wa mbingu iliyobaki bila jua. Miaka yote sitini na miwili aliuona mwezi ukiwa umeshakomaa, unamulika migomba, na hakuwahi kujiuliza huanzaje. Kitu kile, kisicho na uzito hata wa uzi, kingefunga kesho benki na mahakama na shule za nchi nzima. Watu mamilioni, wanaofunga na wasiofunga, wangepumzika kwa sababu yake, wala hakuna waziri ambaye angeweza kukiambia kisubiri Jumamosi.

Wazee walikuwa bado wanatafuta. Macho ya Swedi yalikuwa na ukungu, na wenzake walitazama vilima vingine kabisa. Telesfori alijua kwamba akinyamaza dakika tano tu, mwezi utazama nyuma ya vilima na Jumamosi yake itapona. Akafumba mdomo. Aliufumba kwa nguvu, lakini kunyamaza mbele ya kitu kile kulionekana kwake kama kufuru.

"Imana yanje!" Kihangaza, lugha ya kwao, kikamtoka. Mungu wangu. "Mzee Swedi, ule pale! Fuata kidole changu!"

Swedi na wenzake wakafuata kidole, wakauona. Machozi yakamtoka Swedi, akamshika katekista bega na mkono mwingine akatafuta simu ampigie shehe wa wilaya. Kabla watu hawajalala redio ikatangaza: mwezi umeandama, kesho ni Idd.

Benedicta aliwasili Ijumaa saa nane mchana na mumewe na watoto wao wawili. Alipiga magoti kumwamkia baba yake, naye Telesfori akaitikia "marahaba". Sufuria kubwa ikawekwa mezani. Telesfori alikuwa hajaamua lolote.

Benedicta akafunua. Wali ulikuwa mweupe, na juu yake walilala samaki, sato wakubwa wa ziwani.

"Babu," alisema mjukuu mkubwa kwa uchungu, "Idd yetu haina nyama."

"Kwa babu leo ni Kwaresma," Shabani akamwambia.

"Redio ilipotangaza tu, nikamwambia Shabani kwamba baba hawezi," alisema Benedicta. "Nyama yetu tukawapa majirani. Yeye akatoka alfajiri kutafuta samaki. Nilikuwa mwanafunzi wako, baba. Sijasahau."

Telesfori alimtazama fundi pikipiki yule, mwenye vidole vyenye weusi wa oili usiotoka hata siku ya Idd, aliyefunga mwezi mzima kisha akaikosesha sikukuu yake nyama kwa ajili ya mtu aliyekataa hata kumtaja jina. Aliona aibu, na aibu hiyo ikazidiwa na mshangao mkubwa asiojua auweke wapi. Wote walikuwa wakimsubiri abariki chakula. Alifungua mdomo, na sala aliyoisema tangu utoto ikawa haiji.

"Shabani," akasema, "tuombee wewe, mwanangu."

Shabani akainua viganja. Katekista wa Bukiriro akainua vyake.