Chumba cha Upande wa Ziwa

Dada yangu Virginie hajanisamehe mpaka leo. Kila tukikutana ananiuliza lile lile: ilikuwaje nikarudi nyumbani na Théodore, mwanamume aliyenikana mbele ya mzungu? Mimi humwambia anywe chai, inapoa. Virginie ana mdomo, nami nina wangu, lakini jambo hili sijawahi kumweleza likaeleweka. Leo nalisema lote.

Mwaka wa 1956, enzi za Wabelgiji huko Kongo, tulikaa Kamituga, kwenye kambi ya mgodi wa dhahabu. Théodore, mume wangu, alikuwa karani wa ofisi. Alikuwa na suti moja, tai mbili, na ile kadi ya serikali waliyopewa Waafrika wachache walioonekana wamestaarabika. Siku ya kumkabidhi, bwana mkubwa wa serikali alisema mbele ya watu wote kwamba mwenye kadi hiyo atapokewa kwa heshima popote aendapo. Théodore aliamini. Tusidanganyane, hata mimi niliamini, na nilipiga vigelegele kuliko wote.

Lakini nyumba yetu ilikuwa imekufa. Tulikuwa na mtoto mmoja tu, Colombe. Baridi ya usiku wa mvua ilimwingia kifuani, siku ya tatu akatutoka, akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Matanga hayajaisha vizuri, Théodore akatoa kitanda cha mtoto nje na kugawa nguo zake. Kisha akapita kwa majirani mlango kwa mlango kuwaambia wasiniite tena Mama Colombe, wala yeye wasimwite Papa Colombe.

"Ile jina inaumizaka bure," alisema. "Bamuite Delphine."

Kwetu Walega, mwanamke aliyezaa habaki na jina lake la usichana, hata kama mtoto ametangulia. Mimi nikarudishwa kuwa Delphine, kana kwamba tumbo langu halijabeba kitu. Nilimchukia kwa hilo. Nilisema moyoni: huyu amesahau, huyu ana jiwe mahali pa moyo. Tukaishi kama wapangaji wawili, chumvi iko wapi, sabuni imekwisha, basi.

Ndipo siku moja akaja na kijitabu kilichotupwa ofisini, cha hoteli za Bukavu. Alikiweka mezani, akapangusa meza kwanza.

"Tutaenda huko," akasema. "Siku tatu. Tutalala mu hoteli, sisi babili tu."

Nilitaka kucheka. Lakini alikuwa akiniangalia usoni, jambo ambalo alikuwa hajalifanya kwa muda mrefu, nikavuta kiti.

Miezi saba tulichagua hoteli. Kila jioni baada ya chakula kijitabu kilifunguliwa, na kalamu nyekundu ikatolewa. Kulikuwa na hoteli kubwa yenye kazino, pamoja na muziki na meza za kuchezea fedha. Théodore aliifuta mara moja. Alisema wazungu wakishapoteza fedha kwenye kazino hunywa, na pombe yao huongezwa kwenye bei ya kitanda cha mtu asiyecheza. Kulikuwa na nyingine yenye uwanja wa tenisi. Nikamuuliza, tenisi tutacheza na nani, mimi na wewe? Akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi.

Mwishowe tukashika ndogo kuliko zote, Pension des Hortensias, Nguba, mtaa wa wazungu. Haikuwa na kazino, na kahawa ya asubuhi ilikuwa ndani ya bei. Vyumba vya upande wa ua vilikuwa rahisi, vya upande wa ziwa vilizidi kidogo. Mimi nilitaka ua, yeye alitaka ziwa. Tuligombana juu ya hilo wiki nzima, ugomvi mtamu, kama wachumba. Nikamwachia ziwa, naye akaniachia nilale karibu na ukuta, kwa sababu, alisema, ninapiga teke kama mbuzi. Nilijiambia: tukilala katika chumba kile, nitamwambia habari za Colombe. Akinisikiliza, nina mume. Asiponisikiliza, naenda zangu kwa mama yangu Mwenga, na sirudi.

Tulisafiri siku mbili juu ya lori la mihogo. Tulipofika Bukavu tulinawa mtoni, akavaa suti, mimi nikavaa kitambaa kipya, tukateremka Nguba kwa miguu mchana, yeye amebeba sanduku kichwani, kisha akalishusha mkononi tulipolikaribia lango.

Hortensias ilikuwa kweli kama kwenye picha, na maua ya buluu yaliyoipa jina yalikuwepo. Ndani, nyuma ya meza, alikaa mama mmoja wa kizungu, mzee, mwenye miwani. Sitasema alikuwa mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Alitabasamu.

Théodore akamsalimu kwa Kifaransa safi. Yeye akamjibu kwa Kiswahili, kile cha kuwaagizia wapishi.

"Bonjour. Nani anatuma ninyi?"

Niliona mkono wa mume wangu ukiingia mfukoni, kule iliko kadi. Uliingia, ukakaa. Nikangoja utoke. Ndani yangu nilikuwa nampigia kelele: itoe, mwanamume, itoe! Jasho lilimtoka kwenye kola. Mkono ukatoka mtupu.

"Patron yangu, madame," akasema, naye sasa kwa Kiswahili. "Ingénieur ya mine. Atakuya kesho na madame yake. Alisema niangalie chumba."

"Muzuri. Na huyu mwanamuke?"

Hakunitazama.

"Ni yeye anachungaka mutoto."

Nilidhani sakafu itafunguka. Yule mama akafungua daftari lake la wageni, akashika kalamu.

"Ah, kuko mutoto! Basi tutatia kitanda kidogo. Iko na miaka ngapi?"

"Miaka tatu," Théodore akasema. Kisha, bila kuulizwa, "na miezi mbili."

Hapo niligeuka nikamwangalia. Miaka mitatu na miezi miwili. Ilikuwa hivyo hasa, mwezi kwa mwezi, nami nilikuwa nikihesabu peke yangu gizani, nikidhani duniani hakuna mwingine anayehesabu.

"Jina yake?"

"Colombe."

Mama yule akaandika, akasema ni jina zuri. Akamwita Gaston, mfanyakazi wa vyumba, atupeleke juu.

Chumba kilikuwa namba tisa. Ziwa lilijaa dirishani, na ng'ambo yake vilima. Kulikuwa na kitanda kikubwa chenye shuka jeupe, na kando yake ukuta niliokuwa nimeahidiwa. Nilitaka kuketi kidogo tu.

"Usiikale hapo, maman," Gaston akaninong'oneza kwa upole. "Madame anaangaliaka mashuka."

Basi nikasimama. Nikasimama katika chumba tulichokichagua miezi saba, mikono nimeifumba mbele kama mtumishi, na Gaston akaleta kitanda kidogo cha mbao kilichopakwa rangi nyeupe. Mama wa miwani alikuja mwenyewe kuonyesha pa kukiweka: chini ya dirisha, mtoto aone ziwa. Akatandika blanketi dogo, akalipigapiga kwa kiganja.

"Ni muzuri hivi?"

"Ni muzuri, madame," mume wangu akajibu.

Tuliposhuka alidaiwa malipo ya usiku wa kwanza, akalipa. Angefanyaje? Uongo ulikuwa umeshapanda ngazi na kushuka.

Tulipotoka nilitangulia, sikumngoja. Nilipanda hadi Kadutu, mtaa wetu sisi weusi, bila kugeuza shingo, nikisikia viatu vyake nyuma yangu. Tulipata chumba nyuma ya baa ya mjane mmoja, Agathe, chumba cha mkeka na ndoo. Mlango ulipofungwa nikayatoa yote. Nilimwambia amenifanya mtumishi wa mtoto wangu mwenyewe. Nilimwambia kadi yake akaifungie karanga. Nilimwambia amemzika Colombe mara moja akakataza tusimtaje, na leo amemfukua ili apate cha kumdanganyia mzungu.

Yeye alikaa juu ya sanduku, tai yake bado shingoni. Afadhali angenipiga. Mtu asemaye unaweza kumjibu.

"Kesho ninaenda kwa mama," nikasema. "Na sirudie."

Akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi nilipoamka hakuwepo. Suti pia haikuwepo. Nikafunga vitu vyangu. Lori la Mwenga lilikuwa la saa nane mchana, na nauli alikuwa nayo yeye, kwa hiyo nikangoja, nikikunja na kukunjua kitambaa kile kile. Saa sita ikapita. Agathe aliyekuwa akiosha chupa uani akanionea huruma.

"Bwana yako aliteremuka Nguba tangu mapema," akasema. "Aliniuliza njia ya kupita chini."

Nikasema, ha! Amekwenda kudai fedha zake. Nikashuka mbio, hasira imenipanda upya, maana nilitaka nauli yangu kabla hajazipoteza zote.

Nilimkuta ng'ambo ya barabara, mbele ya Hortensias, amesimama penye vumbi. Hakuwa akidai chochote. Alikuwa amesimama wima, amefunga vifungo vyote vya koti, anaangalia juu. Nami nikaangalia. Dirisha la namba tisa lilikuwa wazi, pazia linapeperuka, na chini yake ulionekana ukingo mweupe wa kile kitanda. Upepo wa ziwa ulikuwa mkali siku hiyo, na mvua ilikuwa inatoka upande wa vilima.

"Nipe nauli," nikasema.

Akaingiza mkono mfukoni, akanipa fedha zote zilizobaki, bila kuzitazama, bila kunitazama. Macho hayakubanduka pale juu.

"Mama Colombe," akasema.

Nilikuwa sijasikia jina hilo mdomoni mwake kwa karibu miaka miwili.

"Mama Colombe, ile dirisha iko wazi tangu asubui. Nimesimama hapa tangu asubui, hakuna mutu anakuya kuifunga." Akanyoosha kidole juu. "Bambie baifunge. Mimi siwezi kuingia. Mutoto atasikia baridi."

Moyo wangu ulipasuka, Virginie. Sina namna nyingine ya kulisema. Mtu huyu hakuwa na jiwe mahali popote. Alikuwa amelala na baridi ile kifuani kila usiku kando yangu, na mimi nilikuwa nimempa mgongo.

Matone ya kwanza ya mvua yakaanza. Juu ya mtaa nilisikia honi ya lori la Mwenga likiita abiria wa mwisho. Nilisogea nikasimama karibu naye, bega kwa bega, fedha za nauli zikiwa zimeloa kiganjani mwangu.

"Batafunga, Papa Colombe," nikamwambia. "Ngoya kidogo. Batafunga."

Tulisimama pale mpaka polisi alipokuja kutufukuza. Dirisha lilikuwa bado wazi.