Boksi la Stelingi Linasogea

Ijumaa ile nilimwambia kaka yangu Maelaua kwamba pikapu itaua mtu. Akacheka mpaka popoo aliyokuwa akitafuna ikamtoka mdomoni.

"Pikapu haiui mtu, Basilia. Dereva ndiye anayeua. Hasa akiwa amevaa sketi."

Nikamwacha acheke. Pikapu ni yangu, mume wangu aliniachia hiyo na watoto watatu, na ni mimi ninayeipeleka sokoni Auki kila Jumamosi, kina mama tisa nyuma na makapu yao ya viazi vitamu. Wiki ile gari lilikuwa limeanza kunigeuka. Nakata kulia, usukani unazunguka robo nzima ndipo magurudumu yanakumbuka kwamba yameambiwa kitu. Kwenye tambarare unarekebisha, unakwenda. Lakini kuna mteremko wa Ngalifau, mwamba kushoto, kulia bonde, na pale mtu hana robo ya kupoteza.

Maelaua ndiye fundi wetu, na ni fundi kweli, sitamnyima haki yake. Alilizunguka gari, akapiga matairi teke, akaanza kunifundisha. "Stelingi ikicheza, mmoja anakaa ndani anatikisa usukani kushoto, kulia. Mwingine analala chini anaangalia. Kuna kinachotangulia na kuna kinachochelewa. Ugonjwa uko katikati yao."

"Haya, lala. Mimi natikisa."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yetu. Kwetu kisiwani Malaita mwanamume hakai chini ya mwanamke. Hapiti chini ya kamba tuliyoanikia nguo, haingii chini ya sakafu tunayoikanyaga. Na mwanamke mwenyewe akiwa dada yake, afadhali ameze kaa la moto. Siku nyingine angemwita mwanamume yeyote akae kwenye kiti, lakini wote walikuwa bondeni wakivuta mbao, hawarudi mpaka Jumamosi jioni.

"Basi ingia wewe, nilale mimi," nikasema. Hilo halina mwiko. Nikakaza sketi, nikajisukuma chini ya injini.

Akatikisa. Nikatazama tairodi kwanza, zile fimbo zinazogeuza magurudumu, nione kama kuna inayochelewa. Zilikwenda pamoja, hazina neno. Nikatazama mkono unaotoka kwenye boksi la stelingi. Halafu nikaliona boksi lenyewe. Kila alipokata kushoto, boksi zima lilijitenga na chuma cha chesisi, upana wa kucha, likarudi. Nyuma yake chuma kilikuwa kimepasuka kuzunguka bolti, na ufa ule ulifunguka na kujifunga, ukinimwagia unga wa kutu usoni.

"Kaka! Boksi linasogea! Chesisi imepasuka!"

"Boksi halisogei," akajibu huko juu, hata hakuacha kutikisa. "Limefungwa kwa bolti. Unachokiona ni mkono wake."

"Nina macho mimi!"

"Una macho, huna ufundi. Toka huko."

Nikatoka, akaingia chini yeye peke yake kuchungulia. Usukani ulikuwa umetulia, hakuna wa kuutikisa, ufa umejifunga chini ya tope na grisi. "Uko wapi huo ufa wako?"

"Niache nikae kwenye kiti, nitikise nusu dakika, uone mwenyewe. Hakuna mtu hapa."

"Mababu wapo," akasema, na hakuwa anatania.

Akachukua spana, akalegeza nati iliyo juu ya boksi, akakaza skrubu nusu mzunguko, akafunga. Akaniambia nijaribu. Usukani ulikuwa mzito, umekaza kama wa gari jipya, na hapo ndipo niliogopa hasa. Mkononi gari limepona, kumbe sasa kila unapokata, nguvu yote inakwenda kuupanua ule ufa. Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa naliona boksi likisogea kila nikifumba macho.

Jumamosi asubuhi kina mama wakaja na makapu yao. Nikasimama mbele ya bodi nikawaambia, "Anayetaka kufa leo apande."

"Jamani, wewe na kaka yako malizaneni," akasema Ethel, mkubwa wetu. "Viazi vitaoza." Lakini mguu hakuuinua, wala mwenziwe yeyote.

Maelaua akaninyang'anya ufunguo. "Leo naendesha mimi. Pakieni makapu! Viazi haviogopi maneno ya wanawake."

Makapu yakapakiwa. Nikaushika mlango. "Kaka, nakuomba. Lala chini, nitikise mara moja tu." Nikapiga magoti, kweli kabisa, matopeni, mbele za watu. Akaniangalia, na machoni mwake nikaona kwamba ananisadiki. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alinisadiki. Lakini wanawake tisa walikuwa wanatazama, na sikio la kufa halisikii dawa. Akaung'oa mkono wangu kidole kimoja kimoja, akaondoka.

Tukamfuata kwa miguu, hakuna aliyesema twende, tulijikuta tunatembea tu. Tulimsikia akifika juu ya Ngalifau. Tukamsikia akipunguza gia. Kisha chuma kikalia, mara moja, mlio mkavu, na baada yake mawe yakaporomoka kwa muda mrefu. Injini ikanyamaza. Ethel akasema, "Yesu wangu," tukaanza kukimbia.

Pikapu ilikuwa imepinduka matairi juu, paa limekalia jiwe la ukingoni, mkia ukining'inia hewani juu ya bonde. Pua ilikuwa imemlalia Maelaua, aliyekuwa amerushwa nje. Kichwa na kifua vilikuwa nje, kiuno kiko chini ya boneti. Tukashika, tukavuta, haikutikisika. Ila tuliona sote kwamba gari limekaa kama pembea: tukipanda mkiani, pua itanyanyuka. Na njia ya kwenda mkiani ilikuwa moja, kupitia puani, juu ya kichwa chake.

Hakuna aliyepanda. Mimi niliyemfokea tangu jana, mimi mwenye ulimi huu, mguu wangu uligoma. Tulikuwa wanawake kumi tumesimama tukimtazama mtu anakata roho, kila mmoja ameishika sketi yake isimguse. Nilijichukia, na bado sikusogea.

Damu ilikuwa inamtoka puani. Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Panda, dada."

Nikaweka mguu kwenye bampa, nikapita juu ya uso wake, nikatambaa mpaka mkiani huku nalia. Nyuma yangu wakaja wengine, mmoja mmoja, wazito kwa wepesi. Gari likaguna, pua ikainuka, Ethel aliyebaki chini akamshika makwapani akamvuta. Alitoka akiwa hai, kuanzia kiunoni kwenda juu.