Kiota Kwenye Kiwiko cha Katapila

Kule kwenye mradi walimwita Mama Maji, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kusimamia mazingira: magorofa ya zamani yabomolewe, mapya yajengwe, na majirani waliobaki pande zote wasile vumbi. Basi kutwa nzima alikuwa na amri moja mdomoni: mwageni maji. Kabla ukuta haujaguswa, maji. Kifusi kikipakiwa, maji. Lori likitaka kutoka getini lioshwe magurudumu na kufunikwa turubai, la sivyo dereva atakaa hapo mpaka aote mvi. Mafundi walisema mama huyu siku akifa atazikwa na mpira wake wa maji.

Nyapara, mtu mnene mwenye sauti nzito, ndiye aliyemchokoza kuliko wote. Siku Mama Maji alipotangaza sheria ya ndege, kwamba penye kiota chenye mayai au makinda hapaguswi mpaka waruke, nyapara alicheka mpaka akashika kiuno. Wakapekua majengo yote, ngazi kwa ngazi, wasipate hata unyoya. Nyapara akasema ni sheria nzuri, ila haina kazi.

Nyumbani Mama Maji alikuwa na yake. Baba mkwe wake, fundi cherehani mstaafu, alikuwa miongoni mwa waliohamishwa kupisha ujenzi. Mpaka jengo jipya lisimame, mzee alilala sebuleni kwa mwanawe, kwenye kochi fupi, miguu ikining'inia nje. Alfajiri alifungua redio kwa sauti ya juu ili, kwa maneno yake, nyumba isijisikie mpweke. Mama Maji alimpenda mzee huyu, lakini mapenzi ni kitu kimoja na redio ya alfajiri ni kitu kingine. Zaidi ya yote alimwonea huruma. Majirani zake wa miaka mingi walikuwa wametawanyika kwa watoto wao, naye hakuwa na wa kubishana naye ila mtangazaji.

Kila jioni mzee aliuliza mmefika wapi. Jioni moja, kwa kutaka kumfurahisha, mkwe akateleza ulimi: msingi utamwagwa kabla ya mvua. Mzee akawapigia simu majirani wote hapo hapo. Ahadi ni deni, na hii sasa ilikuwa na mashahidi.

Likabaki jengo la mwisho la kubomoa, na katapila likaharibika pampu. Wakaliegesha kando ya tangi la maji kusubiri kipuri, nacho kikaja kwa mwendo wa kinyonga. Mafundi hawakukaa bure. Walichambua kifusi, matofali mazima huku, vyuma kule, vioo mbali, na zege likasagwa liwe kokoto za msingi mpya. Maji yaliendelea kumwagwa, maana nani angethubutu kuacha?

Hatimaye pampu ikafungwa. Dereva akapanda akipiga mluzi, akashuka na uso wa mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mkwewe. Kwenye kiwiko cha katapila, pale mkono wa chuma unapojikunja, mbayuwayu walikuwa wamejenga kiota, na makinda walikuwa wameachama midomo. Ndege hawa hujenga kwa udongo mbichi, na kiangazi kile mtaa mzima ulikuwa umekauka, isipokuwa palipomwagwa maji ya Mama Maji. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nyapara alicheka kwanza, kisha akaacha. Kiota kile kama kingebanduliwa, kingemomonyoka. Makatapila ya kukodi yalikuwa yote kwenye kazi ya barabara, na makinda walihitaji wiki mbili au zaidi kabla ya kuruka. Akamvuta Mama Maji pembeni.

"Dada, habari za mzee wako ninazo," akamwambia. "Nenda kanywe chai. Ukirudi hakuna kiota, na hakuna aliyeona."

Tusidanganyane, Mama Maji alitamani. Aliiona miguu ya mzee ikining'inia kochini. Lakini aliona pia kwamba akiinywa chai hiyo, kesho akisema maji wataambiana mama huyu apelekwe tena chai.

"Chai nimeshakunywa," akajibu.

Jioni alimweleza baba mkwe yote, hata habari ya chai. Mzee alizima redio, na kimya hicho kilimtisha mkwewe kuliko kelele. Asubuhi alimkuta amevaa shati lililopigwa pasi, anataka kupelekwa akajionee.

Wakamvika kofia ngumu iliyomfunika mpaka nyusi, nyapara akamshikia ngazi. Mzee akapanda, akawatazama makinda kwa muda mrefu, mama yao akizunguka juu ya kofia kwa hasira. Aliposhuka, mafundi wote walikuwa wamekusanyika.

"Mimi nilipewa notisi," akasema. "Nikaitwa mkutanoni, nikaulizwa, nikabebewa mpaka kabati. Hawa nani kawaambia?"

Akavua kofia, akamrudishia nyapara.

"Basi waacheni walee. Majirani nitawaeleza mwenyewe. Na wewe mkwe wangu, usiniahidi tena kitu kwa kunihurumia."

Mama Maji akajifuta machozi, akasingizia vumbi. Hapo aliharibu, kwa sababu vumbi halikuwepo na kila mtu alijua kwa nini halikuwepo. Mafundi wakacheka, naye akacheka nao.

Mzee alipowapigia simu majirani, hawakuamini, wakaja kuona. Wakawekewa ubao wa kukalia nyuma ya uzio, na kesho yake wakarudi. Wakawa wanakuja kila siku, wanabishana juu ya kinda gani ataruka wa kwanza, na juu ya mambo ya zamani ambayo hayakuwahi kwisha. Baba mkwe alirudi nyumbani jioni akiwa amepoteza sauti kwa maneno. Redio ilikaa siku nzima haijaguswa.

Siku ya kuruka ikafika, na mawingu nayo yakafika. Makinda wakatoka mmoja mmoja, wazee wakiwashangilia. Dereva akakaa kitini, akawasha injini. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka, na kama wangeanza sasa hivi, labda wangewahi kumwaga msingi kabla mvua za msimu hazijakolea. Kinda mmoja alibaki ukingoni mwa kiota, amejikunyata, haruki wala harudi ndani. Mama Maji alitazama mawingu, akamtazama baba mkwe.

"Zima," nyapara akamwambia dereva. "Hawajatoka wote."

Injini ikanyamaza. Nyapara akageuka kutafuta pa kukaa. Pale kwenye ubao wazee wakabanana, na baba mkwe, mvua ikimdondokea begani, akamwachia nafasi kando yake.