Kadudu ka Kuulizwa Njia

Jirani yangu Mugure aliponiambia ninyunyizie dawa viwavi waliokuwa wanamaliza kahawa yangu, nilimwambia achunge boma lake. Kahawa yenyewe ni kichaka kimoja tu, marehemu mzee wangu Makokha alikitoa kwao Chwele tulipohamia hapa Kiamunyi. Wacha wale. Mimi nilikuwa na kazi na hao viwavi.

Utotoni, kiwavi akishajifukia udongoni na kugeuka kitu kigumu cha kahawia, bila miguu, tulikuwa tunamfukua, tunamshika wima, tunamuuliza fulani yuko wapi. Anazungusha mkia. Unakoelekea, ndiko.

Basi nikafukua mmoja, nikamweka kwenye mkebe wa majani chai. Kila asubuhi namshika: "Fancy yuko wapi?" Fancy ni binti yangu wa pekee. Alienda Uarabuni kufanya kazi za nyumba, akabadilisha mwajiri, na tangu Machi hashiki simu yangu. Leo mkia unaonyesha mlima Menengai, kesho Kaptembwo, mtaa wa hapa karibu. Kaptembwo! Si ningepanda boda nimfuate? Mwanamke wa miaka sitini na mbili, nagombana na dudu. Upweke ni mbaya, usikie tu kwa watu.

Wiki ya tatu nikafungua mkebe, nikapata ametoka kwenye ganda, amekuwa nondo. Wenzake niliowaacha udongoni walikuwa tayari wanaruka kwa maua mchana kweupe, mabawa yanapitisha mwanga kama kioo. Wangu alikuwa anateleza kwenye bati la mkebe, mabawa yamekunjamana na kukauka hivyo hivyo.

"Angetoka udongoni angepanda kijiti, ayanyooshe yakiwa bado mabichi," Mugure akasema, akichungulia mkebe. "Sasa hataruka, mama."

Nililia, na sikuwa nalilia dudu. Fancy nilikuwa nampigia mara saba kwa siku. Hata salamu sikuwa natoa. Uko wapi, uko na nani, mbona nasikia gari. Nilimchosha mtoto, ukweli usemwe.

Nikamtumia ujumbe wa sauti: "Sikuulizi kitu. Nataka tu kukusikia."

Jumapili akapiga. Nikauma ulimi nisiulize yuko wapi. Tukaongea mvua, harusi ya rafiki yake Jebet, na nilivyofuga viwavi. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Haya mama, naitwa," akakata.

Dakika kumi na moja nzima, na hata sijui mtoto wangu yuko nchi gani.