Mshipa wa Memsahib Kicheko

Nimelala katika miji mingi na nimefanya kazi nyingi, nyingine sitaki kuzitaja. Lakini hii ya ukalimani niliifanya siku moja tu. Siku hiyo moja ilinitosha.

Mwaka ulikuwa 1955. Nilikuwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa juu ya Bahati, la mjane mmoja Kaburu. Jina lake lilikuwa Hettie, lakini sisi wafanyakazi tulimwita Kicheko. Mama huyo akicheka kwenye zizi la kukamulia, mtu aliye barabarani anasimamisha baiskeli. Alicheka kwa mdomo wote, macho yakapotea. Hata ng'ombe walikuwa wamezoea.

Alikuja nchi hii kwa gari la maksai akiwa mtoto, na shule hakuiona sana. Alijua Kikaburu chao na Kiswahili cha shambani. Kiingereza alijua cha kuuza krimu na cha kutukana. Barua za Kiingereza alisomewa na Naftaly, karani wa maziwa, mpaka siku serikali ilipokuja na lori ikawachukua Wakikuyu wote wa shamba lile. Kofia ya Naftaly ilibaki kwenye msumari. Memsahib akauliza nani mwingine anajua Kiingereza. Nikainua mkono, mimi Kiprugut. Nilikuwa nimesoma miaka miwili misheni, miezi saba kwa mwalimu mlevi kule Kuresoi, na mengine kwenye magazeti ya kufungia nyama. Lakini jembe lilikuwa limenichosha.

Sasa, kulikuwa na Kaburu mwingine wa upande wa Eldoret, naye amefiwa na mke, aliyeanza kuja Jumapili kunywa kahawa. Jumapili moja akamwambia Kicheko anaonekana amechoka, afadhali apumzike. Alipoondoka, Kicheko akasimama mbele ya kioo, akajivuta mashavu kwa vidole.

"Mimi hapana choka," akamwambia Truphosa, mpishi wake. "Uso ndiyo nachoka."

"Memsahib, wangu ulichoka kitambo," Truphosa akasema, "na mzee bado anarudi nyumbani kula."

Akacheka. Lakini wiki hiyo hiyo akasikia kuna daktari Mwingereza Nakuru anayejua kuvuta ngozi ya uso. Vita vilimfundisha kushona marubani walioungua, na sasa alikuwa anashona wanawake wenye nafasi zao. Tukaenda, yeye mbele ya pikapu na mimi nyuma na makopo ya maziwa.

Daktari alikuwa na chumba juu ya duka la dawa. Alikuwa mtu wa subira, na hilo ndilo linaloniuma. Hakuficha kitu. Alichora uso kwenye karatasi, akaeleza polepole, na mimi nikatafsiri.

"Kuna kazi tatu, memsahib. Ya kwanza ndogo, anakata kidogo ndani ya nywele, anavuta pembeni mwa macho. Ya pili ni ya kope peke yake. Ya tatu ni kubwa, uso na shingo. Anakata mbele ya sikio, anazunguka nyuma, anainua ngozi, anaivuta, anapunguza inayozidi, anashona."

"Kama chuna kondoo," akasema Kicheko.

"Anasema nini?" daktari akauliza.

"Anasema ameelewa, bwana."

Daktari akaendelea. Atafungwa bandeji kichwa kizima. Uso utavimba na kuwa mweusi kama wa mtu aliyepigwa. Nyuzi zitatolewa baada ya siku kumi hivi. Masikio yatakuwa kama ya mtu mwingine kwa wiki nyingi, ukiyagusa huyasikii. Kovu litajificha kwenye nywele. Na kazi yenyewe si ya milele, miaka sita au saba ngozi itashuka tena. Hawezi kumrudisha usichana.

"Mwambie mimi hapana taka kuwa msichana. Msichana iko mjinga."

Nilikuwa najisikia mtu mkubwa siku hiyo. Halafu daktari akaweka kalamu chini, akasema neno moja: nerve.

Neno hilo nilikuwa nimelisikia mahali pamoja tu. Bwana mmoja wa Molo aliniambia nina nerve, nilipomwomba Jumapili ya kupumzika, na nikaelewa ni jeuri. Sasa nikajiuliza, jeuri inakatwaje na kisu? Daktari akapitisha kidole kutoka chini ya sikio mpaka pembe ya mdomo. Nikabahatisha.

"Anasema kuna mshipa hapo. Kisu kikiugusa, utabaki na udhaifu. Si mara nyingi, lakini hutokea, na pengine hauishi."

Neno lilikuwa lenyewe, nimeambiwa baadaye na watu waliosoma, ni mshipa wa fahamu unaoendesha uso. Lakini mshipa kwetu ni mambo mengi. Damu inapita kwenye mshipa, na mgongo ukiuma tunasema ni mshipa.

"Damu?" Kicheko akauliza.

Nikamtazama daktari. Yeye aliona mama haogopi, akashika pembe ya mdomo wake mwenyewe kwa kidole, akaivuta chini, akaniangalia. Niliona. Sikuwa kipofu. Nilijua kwamba habari haikuwa ya damu. Lakini ili niseme ni nini, ilinipasa nimwulize daktari maana ya nerve mbele ya memsahib, naye angejua ni mtu gani aliyemweka mahali pa Naftaly.

"Damu kidogo," nikasema.

Akacheka, madirisha yakalia. "Mimi nazaa watoto tatu, na kesho yake nakamua ng'ombe! Damu hapana kitu!"

Daktari akashtuka. "Una hakika ameelewa? Mwambie tena. Ni uso huu, mdomo huu."

"Ameelewa, bwana."

Kicheko akatia sahihi ile kazi kubwa.

Bandeji zilipotoka shingo ilikuwa nyororo na paji la uso limetulia. Uvimbe ukaisha. Lakini upande wa kushoto mdomo ulilala, na jicho la upande huo likakataa kufunga, likawa linatoa maji mchana kutwa. Siku ya kwanza alipocheka zizini, nusu ya uso ilicheka na nusu ikatuangalia kama mtu aliyekaa matangani. Wanaume wakainamia ndoo zao. Baada ya wiki mbili vijana wakambadilisha jina. "Nusu anakuja," walisema. Sikumkataza hata mmoja.

Yule wa Eldoret alikuja mara moja. Nilikuwa naingiza kuni. Kicheko alishika kitambaa mdomoni kahawa isimwagike, na mgeni akamaliza kikombe chake haraka. Hakurudi.

Daktari alikuwa amehamia Nairobi. Baada ya miezi sita akaandika barua, na memsahib akaniita barazani nimsomee.

"Anasema pole sana. Anasema mshipa unaweza kupona kwa mwaka, au usipone. Usugue shavu, na ukilala ufunge jicho kwa kitambaa."

"Basi?"

"Basi, memsahib."

"Soma tena."

Nikasoma tena, vile vile. Akaichukua ile barua, akaweka kidole.

"Karatasi iko refu, maneno yako iko fupi. Hii mistari nne hapana soma. Nasema nini?"

Nikamwambia. "Anasema alikuonya kwa kinywa cha mkalimani wako kwamba mdomo unaweza kulala. Alimwuliza kama umeelewa kwamba ni uso. Mkalimani akasema ndiyo. Lile neno nerve sikulijua, memsahib."

Jicho la kushoto lilitoa maji, lakini hilo lilikuwa na kawaida hiyo, kwa hivyo nikaangalia la kulia. La kulia lilikuwa kavu, linaniangalia.

"Naftaly najua hii neno?"

"Angejua, memsahib. Na kama hajui angeuliza."

"Kama wewe nasema tu, 'Mimi hapana jua,' basi," akasema. "Mimi nacheka. Tunakunywa chai huko Nakuru, tunarudi nyumbani."

Nikangoja anifukuze. Akakunja barua. "Kesho saa kumi, zizini," akasema, akaingia ndani.

Nilienda zizini kila alfajiri kwa miezi minne. Angenifukuza ingekuwa rahisi. Halafu asubuhi moja ng'ombe akapiga ndoo teke, maziwa yakammwagikia kijana mmoja kichwani, na zizi zima likaangua kicheko. Memsahib akavuta aproni akafunika mdomo, akatoka nje upesi. Tulisikia nyayo zake tu kwenye changarawe.

Nikakunja blanketi langu. Truphosa alinikuta langoni na mzigo begani.

"Kiprugut, unaenda wapi?"

"Sijui," nikasema.

Neno lilitoka kirahisi, bila kukwama popote, karibu mwaka mzima baada ya siku yake kule kwa daktari.