Kisanduku cha Nne

Mwaka ule wa 1976, kazi ya Apolonia katika ofisi ya mifugo Mbeya haikutaka akili nyingi. Ukutani ulibandikwa utaratibu uliopigwa taipu: chukua mstari wa mfugaji kwenye rejesta, ujaze visanduku sita vya fomu kwa mpangilio wake (jina, alama, idadi, waliokufa, waliochanjwa, tarehe), na fomu yenyewe itakwambia kama apewe kibali cha kupitisha mifugo au anyimwe. Kilichotaka akili, na moyo wa chuma, ni kuupata mstari wenyewe kwa simu toka kwa Crispin, karani wa rejesta ya Iringa.

Mbele yake alikaa Limbu, aliyehamisha ng'ombe toka kaskazini. Walichanjwa Iringa, cheti kikaharibiwa na mvua, na sasa walizuiwa zizini Rujewa bila malisho. Juzi Crispin alitaja jina, simu ikakatika. Jana alitaja alama, akaenda kunywa chai. Apolonia alikuwa amemchoka kabisa.

"Ndugu Crispin, leo sitaki vipande. Nisomee mstari wote."

"Haya dada. Limbu. Alama L tatu. Arobaini na moja. Arobaini na moja. Tarehe nne Machi."

Simu ikakatika. Apolonia akajaza, kisha akaitazama fomu. Idadi, arobaini na moja. Waliokufa, arobaini na moja.

"Hapa ng'ombe wako wote wamekufa," alisema.

"Wote wapi, mama? Nimewaacha wanalia njaa."

Alisubiri laini saa nzima, akitafuna kalamu kwa hasira.

"Ah, cha waliokufa kilikuwa kitupu, nikakiruka," Crispin alisema. "Hakina kitu, nisome nini?"

"Soma 'tupu', ndugu yangu. Hata kama hakina kitu, kina nafasi yake."

Akajaza fomu upya, akamsomea Limbu kabla ya kuweka dole gumba. "Waliokufa, tupu."

Limbu akarudisha kidole. "Andika mmoja, mama. Mke wangu ameniletea habari na lori la mpunga leo asubuhi. Ng'ombe mmoja amekufa jana zizini, kwa njaa."

Utaratibu ukutani ulisema kifo hata kimoja, kibali kisubiri uchunguzi. Juu ya njaa haukusema lolote. Apolonia aliona aibu ikimpanda hadi masikioni.

"Mimi naandika mstari wa Iringa," alisema bila kumtazama. "Iringa wamesema tupu."

Akagonga mhuri. Limbu akaweka dole gumba chini ya ng'ombe arobaini na mmoja.