Wageni Bila Mwenyeji

Yasmina wa Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura, ana bahari sebuleni. Bahari kabisa, ndani ya tangi la kioo, katika mji wenye ziwa zima la maji matamu chini ya barabara. Majirani wamechoka kumuuliza kama Tanganyika haimtoshi. Yeye huwajibu kwamba ziwa ni la watu wote, bahari ni yake, kisha anaendelea kukoroga chumvi kwenye pipa lake la bluu. Wakati mwingine huonja kwa ncha ya ulimi, ingawa mumewe Shaabani amemwambia mara elfu kwamba ule si mchuzi.

Mwezi uliopita umeme ulikatika kutwa nzima, pampu zikanyamaza, na samaki wakaelea mmoja baada ya mwingine. Akabaki mmoja tu, mweusi mwenye madoa meupe, mdogo wa kutosha kiganjani lakini mkorofi kupita kiasi. Nyumba nzima ilimwita Shefu, maana alizunguka mle ndani kama shefu wa zone, yaani mkuu wa mtaa, anayekagua vibanda.

Basi Ilyasi, mtoto wao wa pekee anayefanya kazi Mombasa, akapanda mashua na wazamiaji, akachagua mwenyewe samaki wawili wa manjano wenye pua ndefu kama mrija wa soda. Wakanaswa kwa wavu mwambani, wakafungwa kwenye mifuko ya maji, wakapanda ndege hadi Bujumbura ndani ya boksi la frigolite, lile povu gumu jeupe. Yasmina mwenyewe hajawahi kupanda ndege.

Aliwapokea kama wakwe. Aliwazoesha maji tone kwa tone, akazima taa wasishtuke, na hapo ndipo ukarimu ulipomponza: akamtoa Shefu. Mgeni si huachiwa chumba? Watoto si hulala kwenye mkeka mgeni akija? Shefu akahamishiwa kwenye ndoo barazani, na kipampu chake, amsubiri Pontien, rafiki wa Shaabani wa kule Kinanira ambaye naye anafuga samaki wa maji ya chumvi, aje amchukue. Wageni wakapewa bahari nzima peke yao.

Wakakataa kula.

Yasmina aliwakatia nyama ya kamba vipande vidogo, wakavitazama vikizama. Aliwasagia ndagala wabichi, dagaa wa ziwani, chakula ambacho hajawahi kuona kiumbe wa Bujumbura akikikataa, wakageuza mikia. Matumbo yao yalianza kubonyea, na yeye mwenyewe usingizi ukampaa.

"Hawa walikuwa kwao, Papa Ilyasi," alimwambia mumewe. "Hawakuomba kuja huku. Ni mi nimeomba waletwe. Wakikufa, ni mi nimewauwa."

Shaabani, ambaye kuuza vipuri kwenye mtaa wa Asiatique kumemfundisha kumtuliza mteja yeyote, aliishia kukagua pampu tu.

Na Ilyasi alikuwa anapiga simu kila asubuhi na kila jioni. Hata salamu alikuwa ameziacha. "Mama, wamekula?" "Bado, mwanangu." Kisha simu inakatwa.

Jumamosi alasiri akaja Elvire, jirani wa mlango wa pili, mzaliwa wa Gitega asiyetania na mila. Alikuja kuwaona wagonjwa, ndivyo alivyosema, na uso aliukunja vilivyo. Yasmina akammiminia jus ya marakuja. Elvire akaitazama glasi, akakunja mikono.

"Kunywa basi, Elvire."

"Nitakunywa namna gani, Mama Ilyasi? Hujaonja."

Kweli! Mawazo yalikuwa yamempeleka mbali hadi akasahau jambo ambalo mtu yeyote wa Burundi analijua: mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni ajue kwamba kinywaji ni salama. Akacheka kwa aibu, akachukua glasi, akapiga funda. Funda halikushuka. Alisimama mashavu yamejaa marakuja, macho yamemtoka, kidole kinaelekea kwenye kioo cha samaki.

"Mana yanje, Mungu wangu! Imechacha?" Elvire aliuliza.

Yasmina akameza kwa nguvu. "Hakuna mutu ameonja mbele yao!"

Akadaka kisahani cha kamba, akasimama mbele ya kioo, akatupia kipande mdomoni na kutafuna kwa madaha. "Mumeona? Tamu! Kuleni!" Samaki wakamtazama. Elvire akafanya ishara ya msalaba. Shaabani, aliyekuwa anarudi kutoka msikitini, akaganda mlangoni.

"Mama Ilyasi, niite docteur?"

"Apana docteur! Wanataka mwenyeji wa kabila lao! Mi nimemtupa mwenye nyumba nje, kisha nashangaa wageni hawali. Shefu iko wapi?"

"Pontien ametoka naye sasa hivi, hata kwa gari hajafika."

Yasmina hakungoja viatu. Alishika kitenge kwa mkono mmoja, akafyatuka mtaani huku akipiga kelele, "Pontien! Rudisha Shefu! Usiende na Shefu!" Watu wakamwagika kutoka madukani kuuliza ni shefu gani ametekwa. Wengine walishaanza kumzingira Pontien wa watu, ambaye alikuwa anatembea polepole asimwage maji.

"Shefu wa zone ndiye iko mu ndoo?" mwanamke mmoja aliuliza, akichungulia. "Yoo! Amekonda!"

Wakarudi msafara mzima. Shefu hata shukrani hakuonyesha. Alipotiwa majini alizunguka eneo lake, akampiga mgeni mmoja kikumbo, akamkimbiza mwenziwe nyuma ya jiwe. Yasmina akamkamata Shaabani mkono hadi kucha zikaingia, kisha akadondosha kamba.

Shefu akaacha ugomvi. Akarukia kipande, akatafuna, akatema, akakirudia. Wageni walitulia wakimwangalia. Yule mkubwa akasogea, akainamisha kichwa, akanyoosha ile pua yake, akadonoa. Akatema. Sebule nzima ikasogelea kioo. Akadonoa tena, na safari hii kipande kikaenda. Mwenziwe akatoka mbio nyuma ya jiwe asije akakosa.

Kelele zilizolipuka zingeweza kupasua kioo. Elvire alikuwa anacheza na Pontien, Shaabani anapiga takbiri, na Yasmina analia na kucheka kwa pamoja bila kujua kipi kimeanza. Simu ikaita.

"Mama, wame..."

"Wamekula! Ilyasi, wamekula wote wawili!"

Kijana akapiga ukelele hadi mama yake akaitenga simu na sikio. Alipoirudisha, alisikia upande wa pili jinsi mwanawe anavyohema, na ndipo lilipomjia swali ambalo siku zote hizo hakuwahi kumuuliza.

"Na we, mwanangu? Umekula?"



"Apana, mama. Toka asubuhi. Chakula kinanikataa. Nilikuwa nangoja nisikie wao kwanza."

"Ilyasi! Shika kitu ule sasa hivi, mi nasikia!"

Akaketi sakafuni, mgongo kwenye kioo, akawainulia wote kidole wanyamaze. Kutoka Mombasa zikaja sauti za kabati kufunguliwa, karatasi kuchanwa, halafu mtu anatafuna.

"Ni mkate tu, mama," Ilyasi alisema, mdomo umejaa.

Yasmina akafumba macho.

"Endelea," akamwambia. "Mi sikati simu."